Je, Njia za Kale Zina Haki Juu Yetu?

 

Katika darsa yetu kulizuka mashindano baina ya watu wawili, na wote wawili ni watu wema. Mmoja ni mzee wa Mji wa Kale wa Mombasa. Yeye alisimulia habari za njia alizozijua utotoni mwake, sauti ikimtetemeka, akasema kwamba mji umekufa na waliouua ni watoto wake wenyewe. Wa pili ni kijana aliyesoma. Alimjibu kwa adabu, lakini hakulegea: "Mzee wangu, dini yetu haikutufunza kulia juu ya mawe. Nyumba ikichakaa hubomolewa, na njia ikiwa nyembamba hupanuliwa. Wanaoyatukuza mawe twawajua, na hatutaki kuwa miongoni mwao." Mzee akanyamaza, na wengi waliokuwapo wakaona kwamba kijana ameshinda.

Mimi sikuona hivyo, wala sikuona kwamba mzee ndiye aliyeshinda. Wawili hao walikuwa na mas'ala mawili mbali mbali, nao wakadhani ni mas'ala moja. Kijana aliuliza kama yafaa kuyapenda mawe. Mzee, ijapokuwa hakulisema kwa maneno hayo, alikuwa akiuliza kama walio hai wana ruhusa ya kuifanyia njia wapendavyo. Suali la kwanza ni jepesi. Zito ni la pili, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Basi na tuliondoe lile jepesi. Kupenda mahali si kuabudu mahali. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alipoihama Makka aliieleza mapenzi yake kwa mji ule, na hapana mwanachuoni aliyeona aibu katika hayo. Na Seyyidna Umar alipolibusu Jiwe Jeusi alisema waziwazi kwamba alijua kuwa ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi. Alilibusu kwa kufuata, si kwa kuliomba. Mtu aweza kuwa na kauli kama ya Umar kinywani na huku moyo wake ukasononeka aonapo mlango wa babu yake umeng'olewa ukauzwa. Moyo huo hauna dhambi. Kijana wetu alichanganya huzuni na ibada, na hili ni kosa ambalo sisi watu wa kutaka marekebisho twalifanya mara nyingi: tukiona chozi twadhani tumeona bidaa.

Sasa twende kwa mzee. Kumbukumbu aliyoisimulia nairudia hapa kwa ufupi, kwani wasomaji wengi wa Mombasa, Lamu na Unguja wataijua. Njia ilikuwa nyembamba kiasi cha punda aliyebeba mzigo na mtu wa kumpisha. Kuta za pande mbili zilikuwa nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na kwa kuwa zilikuwa ndefu na njia ni finyu, jua halikuweza kuikanyaga njia ila saa ya adhuhuri. Asubuhi na alasiri mtu alipita kivulini. Nchi nyingine hutandaza mawe chini. Sisi mawe yetu zaidi tuliyasimamisha ukutani. Ndani ya nyumba upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, na kwa hivyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba kama njia yenyewe. Muuza kahawa alipita na dele lake akigonga vikombe. Wazee walikaa barazani baada ya sala ya alasiri. Mtoto akifanya utovu wa adabu mwanzo wa njia, habari zilimtangulia kufika kwao.

Leo, asema mzee, chini pamewekwa yale matofali ya saruji yaitwayo kabro, na juu yake hupita pikipiki na tuktuk. Ilipokuwa nyumba ya ghorofa mbili limesimama jumba la ghorofa sita. Kivuli chake si kivuli tena bali ni giza, na upepo wa bahari haupiti. Tena hayo yote yametukia hali ya kuwa Mji wa Kale wa Mombasa ulitangazwa na serikali kuwa eneo la kuhifadhiwa tangu mwaka 1990.

Haya yote ni kweli. Lakini kumbukumbu, ndugu msomaji, ni ushahidi, na shahidi hutakiwa aseme aliyoyaona yote, hata yale yatakayomdhuru yeye mwenyewe au wazazi wake na jamaa zake. Qur'ani imetuamrisha hivyo katika sura ya An-Nisaa. Basi twamuuliza mzee wetu, na kila mzee mwenye kumbukumbu kama yake: mawe yale ya matumbawe yalichukuliwa na mabega ya nani? Ni nani aliyechoma chokaa? Maji ya kuoshea miguu yaliyokuwa kila mlangoni, yalitekwa na kuletwa na nani?

Jawabu twaijua, ila hatuitaji. Pwani hii ya Kenya hali ya utumwa haikufutwa kisheria illa mwaka 1907. Nyumba nyingi za fahari tuzililiazo zilijengwa kabla ya hapo. Waliobeba mawe hawakuwa na baraza ya kukalia. Vitukuu vyao tunao, tunasali nao safu moja, na pengine wao hawalii tunapolia. Je, wana makosa? Mtu hawezi kuombwa aomboleze fahari ambayo babu yake aliibeba kichwani hata mlangoni, kisha akarudishwa nje.

Na baada ya utumwa kufutwa, mambo hayakunyooka mara moja. Wazee wa wazee wetu walizikumbuka gari za kusukuma zilizokuwa zikipita juu ya reli Mombasa. Reli zile zilitokana na mradi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1890 kujenga njia ya reli ya kwenda bara, ikajenga maili chache kisha ikaacha. Vyuma vikaletwa kisiwani, vikatandazwa kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini, na matawi yake yakaingia hata milangoni mwa wakubwa. Gari ilikuwa na kiti na paa dogo la kukinga jua. Aliyekaa kitini alikuwa kivulini, na waliosukuma walikuwa juani, wakikimbia. Mambo yakaendelea hivyo hata kufikia miaka ya 1920 hivi, motokaa zilipoingia. Picha za gari zile zipo nyingi, na watu huzipenda. Mimi kila nikiziangalia hutafuta nyuso za wasukumaji, na mara nyingi sizioni sawasawa, kwa sababu mpiga picha alimlenga aliyekaa.

Sisemi haya ili kumvunja mzee moyo. Nasema kwa kuwa njia isiyoshuhudiwa kwa uadilifu haiwezi kutetewa kwa uadilifu.

Kuna kisa cha nchi ya mbali kinacholidhihirisha jambo hili kuliko niwezavyo mimi. Katika miji mingi ya Ulaya njia hutandazwa mawe madogo yaliyochongwa mraba, na wageni husafiri kwenda kuyatazama na kuyasifu. Mjini Prague, mwaka 2020, mafundi waliokuwa wakiitengeneza upya njia moja ya waenda kwa miguu, katika uwanja mashuhuri ulioko katikati ya mji, waliyang'oa mawe hayo. Walipoyapindua wakakuta upande wa chini umesuguliwa ukang'aa, na una herufi za Kiebrania na majina na tarehe. Yalikuwa mawe ya makaburi ya Mayahudi, yaliyokatwa vipande na kutandazwa pale katika miaka ya 1980, zama za utawala wa kikomunisti. Kwa zaidi ya miaka thelathini watu wamepita juu yake, wakanunua na kuuza, wakapiga picha, na pengine wako waliosema: tazama uzuri wa njia hii ya mawe. Mawe yale yalirudishwa kwa jumuiya ya Mayahudi ya mji ule, nayo ikayajengea kumbukumbu katika makaburi yake ya kale.

Sasa kijana wetu atasema: waona! Mawe ya zamani yaficha dhulma, basi na yang'olewe. Hapana. Siri ile ilifichuka kwa kuwa aliyeyang'oa aliyapindua akayasoma. Lau angekuwa na haraka ya kumaliza kazi, akayamwaga yote katika gari la taka na kumimina lami juu ya mchanga, dhulma ile ingezikwa mara ya pili. Wafaransa walifanya kitu cha namna yake. Mwaka 1968 wanafunzi wa Paris waliyang'oa mawe ya njia wakajengea vizuizi na kuwatupia polisi, na baadaye serikali ikazimiminia lami njia kadha wa kadha za mtaa ule. Wakubwa wakaona heri kuyazika mawe kuliko kuisikiza sababu iliyowatoa vijana njiani. (Twawacheka, lakini sisi pia tukichoshwa na vijana kukaa barazani huvunja baraza badala ya kuwauliza kwa nini hawana kazi.)

Namgeukia kijana, maana naye kumbukumbu zake zina upungufu. Yeye hudhani kwamba maendeleo hayana shahidi, kwamba kila kinachovunjwa huvunjwa kwa manufaa ya umma. Alitoa mfano wa Makka, akasema: ikiwa Makka yenyewe imevunjwa na kujengwa upya, Mombasa ni kitu gani?

Mfano huu ni mzuri, na yafaa tuutazame kwa makini zaidi kuliko alivyoutazama. Masaa, mahali pa kusai baina ya Safa na Marwa, palikuwa njia ya mji. Haya si maneno ya mafumbo. Ilikuwa njia hasa, yenye maduka pande zote mbili. Mahujaji walisai humo baina ya wanunuzi na wachuuzi na wanyama. Vumbi lilikuwa jingi, na katika miaka ya 1920 ndipo ilipotandazwa mawe ili kulizuia. Mahujaji wetu wa pwani waliokwenda kwa meli kabla ya miaka ya 1950 waliisai njia hiyo ya mawe, na masimulizi yao yamebaki katika majumba mengine. Kuanzia mwaka 1955 ikaingizwa ndani ya upanuzi wa Msikiti Mtukufu, maduka yakaondoshwa, ikajengewa kuta na ghorofa. Tena mwaka 2007 ikaanza kupanuliwa upana wake kiasi cha mara mbili, kutoka mita 20 hivi hata 40.

Je, hii ilikuwa hasara? Siwezi kusema hivyo. Mwenye kusai leo hakanyagwi na punda, na kikongwe husukumwa katika kiti chake kivulini. Mahujaji waliongezeka, na njia ilikuwa haiwatoshi. Lakini kijana wetu aliacha kusema jambo moja. Upanuzi ule wa mwisho haukupita hivi hivi. Wanazuoni walihitilafiana juu yake hitilafu kubwa. Wako waliosema kwamba upana wa Safa na Marwa una mpaka uliojulikana na haijuzu kuuvuka. Wengine wakasema kwamba vilima vile asili yake vilikuwa vipana kuliko vinavyoonekana, wakatafuta mashahidi wazee waliovijua kabla havijakatwa. Tazama basi: kumbukumbu za wazee kuhusu vilima na njia ziligeuka kuwa hoja ya sharia katika ibada ya mamilioni! Wazee wale lau wangelikufa na ilimu yao, au lau wangelionekana ni watu wa kulilia mawe tu, hoja ile isingepata shahidi.

Na si kila kilichovunjwa Makka kilivunjiwa wenye kusai. Ngome ya Ajyad, iliyojengwa na Waturuki katika karne ya 18, ilibomolewa mwaka 2002, na mahali pale pakasimamishwa majumba marefu yenye hoteli na maduka ya watu wenye uwezo. Mambo haya mawili hayapimwi kwa mizani moja. Kupanua njia kwa ajili ya wapitao ni jambo moja, na kumpa tajiri mahali pa juu ni jambo jingine, ijapokuwa yote mawili huitwa maendeleo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha mas'ala: njia ni ya nani? Mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafii walilijibu zamani, na mwenye kutaka na afungue Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, mlango wa suluhu. Kuna njia ya kupita watu wote na kuna kichochoro kisichotokeza. Kichochoro kisichotokeza ni cha wenye milango humo. Ama njia ya kupita watu wote, hapana mtu awezaye kuifanyia jambo litakalowadhuru wapitao. Hutoi roshani, wala hujengi chumba juu ya njia, illa kiwe juu kiasi ambacho mtu apita chini yake wima bila kuinama. Na ikiwa ni njia ya misafara, basi apite ngamia pamoja na machela yake iliyo juu ya mgongo.

Watu wa Lamu wataijua hukumu hii kwa macho kabla ya kuisoma. Wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili za jamaa, ndicho kitu hicho hicho alichokitaja Imamu. Waliokijenga hawakupima kwa kubahatisha. Uzuri wa njia za Lamu, ambao mwaka 2001 uliusaidia mji huo kuingia katika orodha ya urithi wa dunia, kwa sehemu ni uzuri wa fikihi iliyotiwa chokaa.

Lakini mzee wetu asifurahi upesi. Imamu Nawawi aliendelea akasema kwamba ni haramu kujenga dakka katika njia, au kupanda mti. Na iko kauli kwamba yajuzu ikiwa hakuna madhara. Dakka! Neno ni lile lile letu la daka, kiti cha mawe mbele ya nyumba. Daka la Lamu limo ndani ya mpaka wa nyumba, na hilo halina neno. Lakini baraza ngapi za Mombasa na Unguja zimetoka nje ya ukuta zikakaa njiani? Njia inapofurika maji ya mvua mpita njia huzikanyaga zikamfaa, na pengine hilo litaingia katika ile kauli ya pili. Hata hivyo, mwenye baraza aliyemega njia ya watu dhiraa moja mwaka 1890, na mwenye jumba la ghorofa sita aliyetoa nguzo zake nje leo, wamefanya kitendo cha jinsi moja. Tofauti yao ni ukubwa, na kwamba cha kwanza tumekizoea.

Kadhalika yatupasa kuikumbuka ile hadithi mashuhuri inayotaja haki za njia kwa wenye kukaa humo: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitika salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Mzee aliisifu baraza kwa mazungumzo yake. Wanawake wa miaka ile, lau wangeulizwa, wangesema nini juu ya macho ya barazani? Wikio wenyewe ulisaidia wanawake kutembeleana bila kupita chini ya macho hayo.

Imekuja pia katika hadithi kwamba watu wakihitilafiana juu ya upana wa njia, basi ifanywe dhiraa saba, nazo ni kama mita 3 na kitu. Wanazuoni wameeleza kuwa hiyo ni kwa njia mpya inayogombaniwa, si amri ya kuvunja njia za kale zilizokubaliwa. Kwa hiyo kijana hana dalili hapo ya kubomoa, na mwenye jumba jipya hana ruhusa ya kubana.

Husimuliwa sana juu ya Seyyidna Umar kwamba aliogopa kuulizwa na Mola wake juu ya nyumbu aliyejikwaa Iraki, kwa nini hakumsawazishia njia. Simulizi hiyo ni mashuhuri vinywani kuliko katika vitabu. Iliyo karibu na kuthibiti ni ile ya mnyama kupotea ukingoni mwa mto Furati. Maana yake hata hivyo ni sahihi, na yatosha kutuonyesha kwamba anayestahili kuulizwa habari za njia ni yule ajikwaaye. Hamali asukumaye mkokoteni juu ya kabro zilizobonyea, mwanamke mja mzito anayebanwa ukutani na pikipiki, kipofu anayejua njia kwa mkono na sasa akuta motokaa imeegeshwa pale palipokuwa na ukuta: hawa hawakusema neno katika darsa yetu siku ile. Mzee alisemea utoto wake, kijana alisemea wakati ujao, na wapitao leo hawakupata wa kuwasemea.

Kwa sababu hiyo tumekubaliana, mzee na kijana wote wawili wakiwamo, kufanya kazi ndogo kabla ya kurejea kwenye mjadala. Hati za nyumba za kale zilizoandikwa mbele ya kadhi hutaja mipaka minne ya nyumba, na mara nyingi mmoja wapo ni njia. Wenye hati hizo wazilete, au walete nakala. Kijana atachukua utepe wa kupimia, apime njia tatu za mtaa wetu ukuta kwa ukuta, mahali pa baraza na mahali pa nguzo za majumba mapya, bila kumpendelea mtu. Mzee ataandikisha majina ya waliokaa katika kila nyumba kwa kadiri ya kumbukumbu yake. Na tumemuomba, naye ameridhia baada ya kufikiri kitambo, aandikishe pia majina ya wachukuzi, wateka maji, wachoma chokaa na watumwa aliowasikia wakitajwa na bibi yake. Darsa inayofuata itakuwa usiku wa Ijumaa baada ya sala ya isha, na kina mama watakaa upande wao wa msikiti, nao pia wana ya kusema juu ya njia hizo.